Kamera zilimwonyesha mlinzi ndani ya ghala lenye kufuli mbili: kikao kile sitakisahau

Wakuu, salamu zenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuacha hata like mnajijua.

Miaka mingi nakula visa vyenu humu bure. Leo nalipa kwa kisa changu.

Ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, msimu ujao nisiionje korosho hata ya kuokota chini.

Mods, nawaomba kitu kimoja: msiutupe uzi huu kwenye jukwaa la ushirikina. Mahali pake ni jukwaa la teknolojia. Mkivumilia mtaona kwa nini.

Haya, sogeeni.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu. Simu za tochi ndiyo zimeanza kujaa mikononi, na umeme wa Mtwara siku upo, siku tunausikia tu kwa watu wa Dar.

Mimi nilikuwa karani wa Chama kimoja cha wakulima wa korosho. Jina sitaji, maana baadhi ya wahusika bado wanatembea na bado wana midomo. Ghala letu lilikuwa nje kidogo ya mji, njia ya kwenda Mikindani.

Kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, kuandika mihtasari ya vikao na kuchemsha chai. Ile ya chai haikuwamo kwenye barua ya ajira, lakini nilikuwa mwanamke pekee ofisini, basi wakaona birika linanijua mimi.

Sasa nimlete Mwenyekiti.

Huyu baba alikuwa na kitambi cha heshima, suti za Kaunda za kila rangi, na tabia ya kupenda amri. Ukitema mate, kuna amri. Ukiegesha baiskeli, kuna amri. Pale kwenye kona ya geti watu walizoea kujisaidia haja ndogo, naye akaamuru ukuta upakwe rangi na yaandikwe maneno makubwa mekundu: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. KWA AMRI YA MWENYEKITI.

Ukumbukeni ukuta huo, tutaurudia.

Mwenyekiti alikwenda Dar kwenye semina, akarudi na ugonjwa wa kamera. Kule aliona ofisi ya watu ina TV, mkubwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka anaona kila kona bila kunyanyua mguu. Akaja juu: na sisi tufunge. Wajumbe wa bodi wakauliza kwani kuna wizi? Akasema kamera ikifungwa, mwizi ataonekana.

Maneno hayo yalipita. Hakuna aliyemuuliza kama mwizi yupo kwanza.

Fundi hakutafutwa. Mwenyekiti alikuwa na shemeji yake, fundi wa kufunga umeme majumbani, aliyewahi kuishi Dar na kurudi na miwani ya jua. Alijiita Injinia. Na sisi tukamwita Injinia, maana usipomwita hivyo alikuwa hageuki.

Injinia akaleta kamera nne, zile za zamani zinazotaka waya mnene mweusi kama wa antena ya TV. Shida ikawa waya wenyewe. Mtwara nzima haukupatikana wa kutosha kutoka getini hadi ofisini, na barabara ya Dar wakati wa masika mnaijua, gari lililokwama Rufiji lina haki ya kupiga kura huko huko.

Lakini stoo kulikuwa na boksi zima la waya wa netiweki. Uliachwa na mradi mmoja uliotaka kutuunganishia kompyuta. Kompyuta hazikuja, waya ulikuja.

Injinia akasema, "Msihangaike. Kuna vidude vinaitwa balun."

Kweli vikaja kwa basi, vimefungwa kwenye gazeti. Vidude vidogo vya ukubwa wa kidole gumba. Upande mmoja unachomeka kwenye kamera, upande wa pili una vishimo viwili vya kubana nyaya nyembamba. Unaweka kimoja kwenye kamera, kingine kwenye mashine ya kurekodi, na katikati unapitisha waya wa netiweki. Waya mmoja unabeba kamera nne, maana ndani yake kuna nyaya nane, na kila kamera inakula mbili.

Niseme ukweli, hapo Injinia hakudanganya. Vidude hivyo ni kitu halali na vinafanya kazi hadi leo. Ubaya haukuwa kwenye kidude.

Siku ya kuzindua alichinjwa mbuzi. Ndiyo, mbuzi, kwa ajili ya TV ya inchi kumi na nne. Iliwekwa mezani kwa Mwenyekiti, na Injinia akatufundisha rimoti: bonyeza moja unaona geti, mbili ndani ya ghala, tatu mzani, nne korido ya ofisi.

Mashine ilikuwa na uwezo wa kugawa kioo mara nne, ukaona zote kwa mpigo. Mwenyekiti akakataa. Akasema yeye si mtu wa kuangalia picha za vipande, anataka picha nzima kama taarifa ya habari.

Siku ile ile tuliona namba mbili, ya ghalani, ina vivuli vivuli vinapita juu ya magunia. Mjumbe mmoja akauliza ni nini. Injinia akavua miwani, akaivaa tena.

"Mashine mpya hiyo, inapasha. Ikizoea hali ya hewa ya Mtwara itatulia."

Wakapiga makofi. Mbuzi akaliwa.

Tangu hapo kazi ya Chama ikasimama. Mwenyekiti alikuwa anakaa mbele ya TV kutwa, anaangalia magunia ya korosho yasiyotikisika, na mimi namletea chai. Wakulima wakija na shida zao wanaambiwa subirini, Mwenyekiti yuko kwenye ulinzi.

Wakati huo mlinzi wa kweli alikuwepo getini, Mzee Likanda.

Mzee Likanda alikuwa mlinzi pale kabla hata mimi sijaajiriwa. Mtu wa maneno machache, kofia ya kiua kichwani na koti refu la mtumba ambalo hakulivua hata jua likiwaka namna gani. Ukimuuliza kwa nini anajichemsha hivyo anajibu, "Koti ndiyo sare yangu, sare nyingine hamjanipa."

Mkewe alishafariki. Aliishi na binti yake na mjukuu wake, na mwaka ule mjukuu alikuwa aingie jandoni. Wa kwetu mnaelewa uzito wa jambo hilo. Mtoto haingii peke yake. Wanaingia kundi, wanalala pamoja, wanatoka pamoja, na wazazi wanashirikiana ngoma na chakula. Ukikataliwa kwenye kundi umekataliwa na kijiji.

Basi siku moja, baada ya chakula cha mchana, nikasikia Mwenyekiti anapiga kelele ofisini kwake kama kaumwa na nge.

Tukakimbilia. Alikuwa amerudisha nyuma picha za namba mbili, za saa saba ya siku ile.

Wakuu, nilichokiona nilikiona kwa macho haya.

Ghala limefungwa, giza giza, magunia yamepangwa hadi karibu na paa. Na katikati ya magunia yupo mtu. Mweupe kama moshi, unamwona na magunia nyuma yake unayaona. Ana kofia. Ana koti refu.

Anainama. Anainuka. Anashuka magoti. Anaweka kichwa chini kwenye magunia kama anayanusa. Anainuka tena.

Halafu, Mungu wangu, akaanza kupaa. Polepole, na magunia hayajaguswa, anapanda juu hadi miguu inaingia kwenye paa. Akapotea. Akatokeza tena chini sakafuni, kichwa kwanza, anaendelea kuinama.

"Likanda huyo!" Mwenyekiti akasema. "Koti lake hilo! Anafungua magunia!"

Meneja wa ghala akashika mfuko wake. Mlango ulikuwa na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake, wa pili kwa Mwenyekiti, na hakuna anayeweza kufungua bila mwenzake. Akaapa ufunguo wake haukutoka mfukoni. Mwenyekiti naye akautoa wa kwake akauonyesha.

Kwa hiyo mwizi wa kawaida asingeweza kuingia. Kwa hiyo si wa kawaida. Mahesabu yaliishia hapo, na watu wazima wenye familia waliyakubali.

Aliyepiga muhuri alikuwa Makamu Mwenyekiti. Huyu alikuwa mtu wa dini, muadhini wa msikiti wa jirani na ghala, sauti yake inasikika hadi kwetu bila kipaza sauti. Akatikisa kichwa, akasema, "Hii ni sihiri iliyo wazi. Mtu anapita ukutani."

Mimi nikajitia kimbelembele. Nikasema, "Jamani, saa saba nilipita getini kwenda kununua maandazi, na Mzee Likanda nilimwona pale pale."

Unajua Mwenyekiti alijibu nini?

"Umeona? Na karani ni shahidi. Mwili kauacha getini, mwenyewe yuko ndani."

Khaa! Nilikwenda kumtetea mtu nikawa shahidi wa mashtaka. Tangu siku ile nikajua kuwa mtu akishaamua wewe ni mchawi, hata kuwepo kwako mahali pako pa kazi kunakuwa ushahidi.

Mzee akasimamishwa hapo hapo, asubiri kikao cha bodi kimfukuze rasmi. Kabla ya jua kuzama habari ilishafika Mikindani, na ilipofika ilikuwa imenenepa: mlinzi anapaa, mlinzi ana mkia, mlinzi anapakia korosho kwenye ungo na kuvuka nazo Ruvuma.

Hizo korosho za kwenye ungo kila mtu alizisikia. Hakuna aliyeziona.

Wazazi wa kundi la jando wakaanza kujitoa mmoja mmoja. Hawakusema wazi. Mmoja akasema mwanawe ana kikohozi, mwingine akasema wanamsubiri mjomba kutoka Newala. Mjukuu wa Mzee Likanda akabaki na jina la babu yake kama kovu la usoni.

Mzee alinifuata nyumbani. Hakutaka hata kukaa.

"Mwanangu," akasema, "na wewe umeniona humo ndani?"

Nikamwambia, "Baba, nimeona kitu. Sijui ni nini."

Akafikiri. "Mimi kazi ikienda, iende. Nilikuwa nalima kabla ya kulinda, jembe nalijua. Ila huyu mtoto. Atakaa na nani jandoni?"

Nililia alipoondoka, na sioni aibu kuandika hapa.

Siku ya kikao ikafika.

Wajumbe wakajazana ofisini kwa Mwenyekiti, viti vyote vimegeuzwa kuelekea TV kama wanasubiri mpira. Injinia alialikwa kama mtaalamu, na miwani yake. Mzee Likanda aliwekwa kwenye benchi karibu na mlango, koti lake limefungwa vifungo hadi juu. Mimi nilikuwa pembeni na kalamu yangu.

Mwenyekiti akawa amechelewa. Makamu akafungua kikao kwa dua ndefu, nyingi ikiwa ya kujikinga na mtu aliyekaa karibu na mlango.

Palikuwa na mjumbe mmoja mwanamke, Bi Somoe, mama mwenye mashamba yake na ulimi wake. Alikuwa amesafiri, habari yote alikutana nayo njiani. Akanyoosha mkono.

"Nauliza tu. Kimepungua nini ghalani?"

Makamu akasema, "Bi Somoe, tunao ushahidi wa picha."

"Picha nimeambiwa. Mimi nauliza korosho."

Meneja akaangalia viatu vyake. Makamu akasema swali hilo lingoje Mwenyekiti.

Injinia akaona kikao kinapoa, akaja na wazo. Kwa kuwa mtuhumiwa tunaye hapa, akasema, tuwashe namba mbili tuone sasa hivi ghalani kuna nini. Kisipoonekana kitu, basi hakuna ubishi tena, kile kitu ni huyu.

Wajumbe wakaona hiyo ndiyo sayansi. TV ikawashwa. Jua la mchana lilikuwa linachoma nje, ndani ya ghala giza la kawaida. Magunia na vile vivuli vyake vya kila siku, hakuna kitu kingine. Makamu akageuka akamwangalia Mzee Likanda kwa macho ya nimekwambia.

Na hapo ndipo gari lilipoingia ghalani.

Wakuu, pick-up nzima. Nyeupe ya moshi, ikapita katikati ya magunia bila kuangusha hata moja, ikasimama. Mjumbe mmoja akaruka kutoka kwenye kiti. Mwingine akaanza kusoma ayatul kursiy, akaisahau katikati, akaanza upya.

Mlango wa gari ukafunguka. Kikatangulia kitambi. Kikafuatia kilichobaki, ndani ya suti ya Kaunda.

"Mwenyekiti!" Meneja akanong'ona.

Moshi wa Mwenyekiti ukatembea juu ya korosho za wakulima. Ukafika pembeni. Ukaangalia kulia. Ukaangalia kushoto. Ukatugeuzia mgongo, miguu ikaachana kidogo, mikono ikaenda mbele.

Hakuna mtu mzima aliyehitaji kutafsiriwa.

"Astaghfirullah," Makamu akasema. "Anakojolea korosho!"

Na haikuishia hapo. Akaanza kupaa. Polepole, na shughuli yake inaendelea, Mwenyekiti wa Chama akapanda juu ya magunia hadi akafika kwenye paa, akatoweka, akatokeza tena sakafuni, bado hajamaliza. Ile chai yangu yote ya asubuhi ilikuwa inateremka.

Nilikuwa nimekaza meno nisicheke, machozi yananitoka. Bi Somoe hakujizuia. Alicheka hadi akapiga meza.

Mimi nikachukua rimoti. Sijui nani alinituma. Nikabonyeza moja.

Geti likatokea, safi, jua kali. Pick-up ipo. Na Mwenyekiti yupo, wa rangi kamili, pale kwenye kona, anafunga zipu. Juu ya kichwa chake maneno mekundu yanasomeka vizuri kuliko ubao wa shule: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. KWA AMRI YA MWENYEKITI.

Nikabonyeza mbili. Moshi unafunga zipu ghalani. Nikabonyeza moja. Anafunga zipu getini. Mbili. Moja.

Injinia alivua miwani, na safari hii hakuivaa.

Mlango ukafunguliwa, Mwenyekiti akaingia anajifuta mikono kwa leso.

"Samahani wajumbe, nilikuwa na simu muhimu. Haya, tuanze na huyu mchawi wetu."

Watu wote wakaangalia chini isipokuwa Bi Somoe.

"Mwenyekiti, umetokea wapi?"

"Getini."

"Ghalani hujaingia?"

"Bi Somoe, ghala lina kufuli mbili. Ufunguo wangu huu hapa."

"Karani," Bi Somoe akasema, "hebu mrudishie Mwenyekiti picha ya ghalani ajione."

Nikarudisha nyuma. Wakuu, sijawahi kufanya kazi ya Chama kwa moyo kama siku ile.

Mwenyekiti akajiona. Akajiona anaingia na gari, akajiona anaangalia kulia na kushoto, akajiona anapaa. Uso ukabadilika rangi mara kadhaa. Sasa fikirieni mtego wenyewe: akisema picha ni ya kweli, amekojolea mazao ya wakulima ndani ya ghala lililofungwa, na ni mchawi. Akisema picha ni ya uongo, hana kesi.

Akapiga meza kwa ngumi. "Hii mashine mbovu! Mimi nilikuwa getini!"

Mzee Likanda akasimama kutoka kwenye benchi. Hakupaza sauti.

"Na mimi nilikuwa getini, Mwenyekiti. Kila siku niko getini. Si ndiko mlikoniweka?"

Nikayaandika maneno hayo kwenye muhtasari kama yalivyotoka.

Bi Somoe akaniambia nitafute picha ya geti ya siku ile ya mashtaka, saa ile ile. Ilikuwa imo kwenye mashine muda wote. Hakuna aliyewahi kuifungua, maana Mwenyekiti alikuwa na picha aliyoitaka.

Ikatokea. Geti, jua, kibanda cha mlinzi. Mzee Likanda anatandika mkeka wake pembeni ya kibanda, anavua viatu, anavipanga.

Anainama. Anainuka. Anashuka magoti. Anaweka kichwa chini.

Alikuwa anaswali.

Watu walikuwa wanaiangalia swala ya adhuhuri, ile ile waliyoiita kufungua magunia. Mzee anatoa salamu kulia, anatoa salamu kushoto, anakunja mkeka, anarudi kukaa kwenye kazi yake.

Nikamtazama Makamu. Maana adhana ya adhuhuri ile aliiita yeye. Aliita watu waje kuswali, mtu akaitika, naye akamshitaki kwa kuitika.

Aliinamisha kichwa na sikusikia sauti yake tena hadi kikao kinakwisha.

Sasa kwa wale wa jukwaa la teknolojia, ambao najua mmekunja uso tangu mwanzo mnataka kujua ilikuwaje.

Bodi ilimwita jamaa mmoja mjini mwenye internet cafe, mtu anayebana waya za netiweki kila siku. Akafungua kiboksi ambamo Injinia alibana nyaya, akacheka kwanza, akanywa soda yangu, ndipo akaeleza.

Zile nyaya nane ndani ya waya wa netiweki zimesokotwa mbili mbili. Wa bluu na mweupe wenye mstari wa bluu, wa chungwa na mweupe wenye mstari wa chungwa, na kuendelea. Kila kamera inatakiwa ipewe wawili waliosokotwa pamoja. Msokoto ule ndio unaozuia picha ya huyu isivuje kwa yule.

Injinia wetu alifunga kama anavyofunga umeme wa nyumba. Kwake nyaya za rangi ni moto, nyeupe ni baridi, na hazichanganywi. Kwa hiyo geti akalipatia bluu na chungwa, zote za rangi. Ghala akalipatia wenzao weupe. Akaona amefanya usafi.

Maana yake waya wa geti na waya wa ghala walikuwa wamekumbatiana njia nzima hadi ofisini. Jua la getini likawa linavujia kwenye giza la ghalani. Na kwa kuwa kamera mbili hazikuwa zinakwenda mwendo mmoja, picha iliyovuja haikutulia, ikawa inapanda juu. Ndiyo kupaa kwenyewe huko.

Akakata, akabana upya, bluu na mweupe wake, chungwa na mweupe wake. Akawasha. Ghala likawa ghala. Kazi yote hiyo soda yangu ilikuwa haijaisha.

Mmeona? Mtu alikaribia kufukuzwa kijijini kwa sababu ya nyaya nne.

Na lile swali la Bi Somoe? Ghala lilifunguliwa, kufuli zote mbili, korosho zikahesabiwa mbele ya wajumbe. Hakikupungua kitu. Tulikuwa na mashine ya kukamata mwizi, tukamkamata, ila wizi wenyewe tulisahau kuutafuta.

Bodi ikamwandikia Mzee arudi kazini. Mzee akakataa.

Akasema, "Mlinichafua mchana watu wanaona. Njooni nyumbani kwangu mchana mnisafishe."

Wakaenda. Nilikuwemo. Tulitembea kwa miguu, mtaa mzima umetoka nje, na Makamu ndiye aliyesimama mbele ya nyumba ya Mzee akasema kwa sauti yake ile ya adhana kwamba tumemsingizia, na alikuwa anaswali. Nilimheshimu kidogo siku hiyo. Kidogo.

Mwenyekiti hakuja. Alituma salamu kwamba ana homa. Ile homa ilimshika kila mara neno samahani lilipokaribia, na hadi anaondoka madarakani haikupata dawa.

Ukuta ule alibadilisha maandishi. Ukasomeka: NI MARUFUKU KUKOJOA HAPA. KUNA KAMERA. Ile ya kwa amri ya Mwenyekiti ilifutwa.

Kile kikohozi kikapona ghafla, mjomba wa Newala naye akafika. Mjukuu aliingia jandoni na wenzake wote, na siku ya kutoka ngoma ilikesha. Wale waliosema babu ana mkia ndio waliopakuliwa pilau mara mbili. Niliwaona, na sikuhitaji kamera.

Nilichojifunza, wakuu: picha haijui kusema uongo, lakini aliyeunga waya anaweza kuwa hajui anachounga, na anayeangalia anaweza kuwa ameshaamua cha kuona. Kabla hujamuita mtu mwizi, hesabu kwanza mali yako. Na kama unafunga kamera kwa waya wa netiweki na balun, kila waya umpe mwenzake aliyesokotwa naye, usiwatenganishe watu na ndoa zao.

Sasa kazi kwenu. Wataalamu nirekebisheni nilipokosea, mliowahi kusingiziwa tieni neno, na kama kuna mtu humu ana shemeji Injinia, amtambulishe tumkwepe.

Mzee Likanda alirudi getini. Kila nilipopita saa za adhuhuri kwenda kununua maandazi, nikamkuta anakunja mkeka, alikuwa ananiuliza:

"Karani, leo niko wapi?"

"Uko getini, baba."

"Alhamdulillah. Kaandike."

Na mimi nikirudi ofisini, naandika.